Siku Ambayo Mkaguzi Hakupiga Simu

Pale kliniki ya mifupa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mkaguzi, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta zote za jengo, kuanzia ile ya mapokezi hadi ile kubwa ya chumba cha eksirei, na alizitunza kama mtu anayetarajia kuibiwa muda wowote. Akifunga mlango anausukuma kuona kama umefungika, anapiga hatua chache, kisha anarudi kuusukuma tena. Akituma barua pepe anampigia simu aliyetumiwa kumuuliza kama imefika. Mpiga eksirei, ambaye naye walimpachika jina la Usipumue kwa sababu ndilo neno alilowaambia wagonjwa kutwa nzima, alikuwa akisema kwamba siku Mkaguzi akifa, atafufuka kidogo kuhakikisha kaburi limefukiwa vizuri. Mwenyewe alicheka kuliko wote. Hakuona utani huo una ubaya gani.

Nyumbani hakuna aliyecheka. Huko kulikuwa na mama yake, aliyepatwa na kiharusi kikamlaza upande wote wa kushoto, na mdogo wake wa kike, aliyeacha kibarua cha ushonaji ili ashinde na mama. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Kisha ikaja ile siku ya kuanguka. Mkaguzi alikuwa kazini, akapiga simu kukumbusha dawa ya mchana, haikupokelewa. Akapiga tena. Akaendelea kupiga mpaka uvumilivu ukamwishia, akaacha kila kitu akakimbilia nyumbani. Alimkuta mama sakafuni, kati ya kitanda na meza, paji la uso limepasuka na kuvimba, na mdogo wake amepiga magoti kando yake analia, mikono imejaa povu la sabuni.

"Nimepiga simu, nimepiga, nimepiga!" alifoka. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa uani, dada. Nafua mashuka ya mama."

"Mashuka! Mama yuko chini, wewe mwenzetu unafua mashuka!"

Mdogo mtu aliinamisha kichwa. Mama naye alifumba macho. Kesi ikasikilizwa na hukumu ikatolewa hapo hapo, na zile simu ambazo hazikupokelewa ndizo zilizokuwa ushahidi. Mkaguzi alizisimulia kwa kila mwenye masikio: kwa mjomba, kwa majirani, kwa Usipumue. Nilipiga, nikapiga, nikapiga.

Tangu hapo nyumba ile ikawa kama ofisi ya forodha. Dawa za mama ziliingia kabatini, kabati likatiwa kufuli, na ufunguo ukawa unatembea kwenye pochi ya Mkaguzi. Alipiga simu akifika kazini, akapiga kabla ya chai, akapiga baada ya chai, na kila mara alitaka kusikia sauti ya mama mwenyewe. Akiambiwa mama amelala, anasema muamshe. Mchana alikwenda mbio nyumbani kumpa dawa na kumgeuza kwa mikono yake, akala amesimama, akarudi kazini nguo zimemganda mgongoni. Akakonda. Macho yakaingia ndani. Watu wakimshauri apumzike alijibu kwamba hana wa kumwachia mama, na alilisema hilo hata mdogo wake akiwa amesimama mbele yake na bakuli la uji mkononi.

Mwisho akakata shauri. Mdogo wake aende kwa mjomba, ambaye mkewe alihitaji mtu wa kumsaidia kwenye cherehani, na mama atafutiwe mtunzaji wa kulipwa, mwenye cheti. Mtunzaji angeanza wiki iliyofuata, na katikati hapo Mkaguzi mwenyewe angechukua likizo. Alipomweleza mdogo wake mpango huo alijiandaa kwa ugomvi, lakini binti alisema tu, "Sawa, dada," akaenda kupanga nguo zake kwenye begi. Ile sawa ilimkera Mkaguzi kuliko matusi.

Siku ambayo mjomba angekuja ilifika. Walipatana aje saa ya chakula, wakati Mkaguzi yuko nyumbani, ili binti akiondoka mama asibaki peke yake. Mkaguzi akaenda kazini akiwa na asubuhi hiyo moja tu ya kumaliza kazi moja kabla ya likizo.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Diski ya kompyuta ya eksirei ilikuwa imejaa pomoni. Magoti, nyonga na vidole vya watu wa miaka mingi vilikuwa vimekaa humo, na picha mpya haikuwa na pa kuingia. Alichotakiwa kufanya ni kunakili picha za zamani kwenye diski mpya, kubwa, aliyokwisha kuifunga ndani ya kompyuta hiyo, kisha azifute kule zilikotoka. Akazichagua, akaamuru zihame, akasema akirudi kutoka kunywa chai nusu itakuwa imekwisha.

Hata kiti hakuwahi kukisogeza. Feni ilianza kuvuma kwa hasira. Kishale kwenye kioo kikawa kinaburuzika. Akafungua ukurasa unaoonyesha kompyuta inashughulika na nini, akakuta prosesa, yaani ubongo wa mashine, iko asilimia mia na haina dalili ya kushuka. Na picha zenyewe zilikuwa zinahama kwa kujivuta, moja, kimya, moja, kimya, huku kompyuta ikikadiria kwamba itamaliza kesho kutwa.

Usipumue alichungulia kutoka chumba cha pili. "Mkaguzi, nini tena? Nina mgonjwa humu nimemwambia asipumue. Nikibonyeza, picha haiji. Nimruhusu apumue?"

"Mruhusu. Kuna tatizo dogo."

"Dogo la kwako, au dogo la sisi sote?"

Akageukia kioo tena. Akisimamisha kazi, diski bado imejaa na hakuna picha itakayohifadhiwa. Akiiacha iendelee, mashine imeganda na hakuna picha itakayofunguka. Huku benchi la korido linazidi kujaa. Alikuwepo mzee wa nyonga, na fundi rangi aliyeteleza ngazini, na mwanamke aliyempakata mtoto mwenye mkono uliofungwa kwa kitambaa. Mtoto huyo alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, sasa anakoroma tu kooni, na kila mlango ukifunguliwa mama yake anainuka nusu, anakaa tena.

Kwa kawaida kunakili hakumtoi jasho prosesa. Diski moja inatoa, nyingine inapokea, na yeye anasimamia tu mikono nyuma. Ukiona msimamizi ndiye anayehema, ujue kuna jambo. Mkaguzi akamshuku waya kwanza, maana waya mbovu hufanya kila kipande kirudiwe mara mbili mbili. Akasimamisha kazi, akazima mashine, akafungua ubavu wake, akawasha tochi ya simu yake na kuiegemeza mle ndani imulike, akabadilisha waya. Akawasha. Asilimia mia. Akazima tena, akahamisha waya kwenye tundu jingine. Asilimia mia. Akapuliza vumbi kwenye feni mpaka akapiga chafya. Akapima afya ya diski ya zamani, nzima. Akapima mpya, nzima kama yai. Akafunga kila programu iliyokuwa wazi, ikiwemo ile ya Usipumue ya matokeo ya mpira.

"Hiyo nayo ina kosa gani?" Usipumue alilalamika.

"Leo kila mtu ni mshukiwa."

"Hata mimi?"

"Wewe wa kwanza. Nenda kawaombe radhi wagonjwa."

Alikuwa anatania nusu tu. Mashaka yakishampata Mkaguzi, dunia nzima hupotea, hubaki yeye na kile anachokishuku. Saa ya chai ilipita. Simu ilikuwa imelala ndani ya ubavu wa kompyuta, inamulika nyaya, na yeye yuko chini ya meza magoti yanamuuma. Hakuikumbuka. Kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke, hakuikumbuka.

Kilichomfumbua macho ni taa mbili ndogo. Kila diski ina kitaa chake kinachopepesa inapofanya kazi, na akiwa pale chini aliona vitaa vyote viwili vimetulia. Kimoja kinapepesa, kinanyamaza muda mrefu. Cha pili kinapepesa, kinanyamaza. Akakaa kitako sakafuni. Diski hazikuwa zimeelemewa hata kidogo. Diski zilikuwa zimekaa zinasubiri. Mzigo ulikuwa unakwama katikati, mikononi mwa mtu.

Akainuka, akapanga orodha ya programu kuanzia ile inayokula nguvu zaidi. Juu kabisa walikaa wawili, wamegawana ile mia karibu sawa kwa sawa. Walikuwa walinzi, yaani programu za kuzuia virusi.

Hapo uso ukamwiva, kwa sababu walinzi wote wawili aliwaajiri yeye. Wa kwanza alikuwepo miaka yote. Wa pili alimwongeza baada ya flashi ya daktari mmoja kuleta kirusi kilichoharibu ratiba za wiki nzima. Mtu mwingine angemwondoa aliyeshindwa kazi akamweka mpya. Yeye aliwabakiza wote, kwa hoja kwamba macho manne yanaona zaidi ya mawili. Sasa kila picha ya goti ilipotaka kutoka, mlinzi wa kwanza aliifungua aikague. Wa pili akiona kuna faili limefunguliwa, alilikamata naye alikague. Wa kwanza akiona faili lake limeguswa, alianza upya. Na picha ikifika diski ya pili walisimama tena mlangoni wote wawili, wakaanza kubishana. Goti la watu halina kirusi chochote, limevunjika tu.

Dawa ilikuwa kubonyeza mara moja, kumwondoa mmoja. Mkaguzi akaweka kidole, akakitoa. Akajaribu kumpunguzia kazi wa kwanza. Mashine ikabaki palepale. Akajaribu kumpunguzia wa pili. Daktari mkuu, mama mmoja mwenye miwani shingoni, alikuja akasimama nyuma yake, maana korido ilikuwa imeanza kunung'unika kwa sauti.

"Umelijua tatizo?"

"Nimelijua, daktari. Walinzi ni wawili, wanazuiana."

"Basi mtoe mmoja."

"Naogopa kitu kisije kikapenya."

"Mwanangu," daktari alisema, akiangalia kule kwenye benchi, "tangu asubuhi hakuna kilichopenya."

Akabonyeza. Kidole alikishusha polepole, amini usiamini, kama anasaini talaka. Mashine ikajizima, ikawaka. Akaamuru kazi upya, na picha zikaanza kuhama kwa mkupuo. Vitaa vyote viwili vikapepesa bila kupumzika. Prosesa ikateremka, ikateremka, ikatulia chini kabisa. Feni ikanyamaza, na ule ukimya ukamfanya Usipumue atoke chumbani kwake kuja kuangalia.

"Amekufa?"

"Amepona. Ita yule mtoto wa mkono kwanza."

Walimpiga picha mtoto, ikafunguka papo hapo, mfupa mwembamba uliopinda kama kijiti kibichi. Mkaguzi alijisikia mwepesi, akataka hata kuimba. Akainama kuchukua simu yake ndani ya kompyuta afunge ubavu. Simu ilikuwa imezima, tochi imeimaliza chaji yote. Ndipo alipoinua macho kwenye saa ya ukutani. Saa ya chakula ilikuwa imepita zamani. Mama hajapewa dawa. Ufunguo wa kabati uko kwenye pochi. Na hajapiga simu hata moja.

Hakuaga mtu. Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, na njia nzima alikuwa anamwona mama sakafuni. Alimwona kati ya kitanda na meza, alimwona mlangoni, alimwona uani. Dereva alimuuliza kama ana mgonjwa akamwambia endesha.

Nje ya nyumba gari dogo la mizigo la mjomba lilikuwa limeegeshwa, na mjomba mwenyewe, seremala wa siku nyingi, ameketi kizingitini anafuta bisibisi kwa tambara.

"Mama yuko wapi?"

"Salamu kwanza, mpwa wangu."

"Mjomba, mama yuko wapi?"

"Mama yako yuko kitandani, atakuwa wapi? Mdogo wako kakataa kuondoka mpaka urudi. Amesema mgonjwa haachwi. Nimekaa hapa tangu mchana, begi liko garini, mwenye begi yuko ndani."

Akampita. Chumbani kitu cha kwanza alichokiona ni mlango wa kabati la dawa, umeegemezwa ukutani, kufuli bado linaning'inia limefungwa vizuri kabisa. Mjomba alikuwa amefungua bawaba. Vidonge vya mchana vilikuwa vimeshatolewa, glasi tupu iko juu ya stuli. Mama alikuwa amelazwa upande ule uliotakiwa, mto katikati ya magoti kama alivyofundisha muuguzi, shuka limenyooshwa, nywele zimechanwa. Mdogo wake alikuwa amesimama kwenye kona akikunja nguo za mama. Mkaguzi alitafuta kosa kwa macho, akatafuta tena, akalikosa.

"Umerudi," mama alisema. Maneno yake yalitoka polepole, mdomo ukivutwa upande mmoja, lakini yalieleweka. "Leo simu haikulia."

"Nisamehe, mama. Kazi ilinibana, na simu ikazima, na..."

"Nikusamehe nini? Nimelala." Mama akatabasamu kwa nusu ya uso. "Nimelala mchana, mwanangu. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini."

Mkaguzi akakaa ukingoni mwa kitanda. Mdogo wake akasema haraka, "Mama, basi, usijichoshe." Mama hakumsikia, au hakutaka.

"Ile simu ikilia moyo unanipasuka. Siku ile ililia, ikakatika. Ikalia, ikakatika. Nikasema, huyu mwanangu kapatwa na nini huko? Kagongwa na gari? Nani ananitafuta hivi? Mwenzako yuko uani, namwita hasikii. Nikasema ngoja nijikokote nipokee."

Simu ya mama ilikuwa mezani karibu na dirisha, kwenye chaja, pale pale ilipokuwa siku ile. Kutoka kitandani hadi mezani ni pale pale alipomkuta mama amelala sakafuni. Mkaguzi aliangalia kitanda, akaangalia meza, akaipima ile nafasi kwa macho. Nilipiga, nikapiga, nikapiga. Alikuwa amewasimulia mtaa mzima.

Akamgeukia mdogo wake. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama alinikataza. Alisema ukijua hutalala tena usingizi." Binti aliendelea kukunja nguo ile ile iliyokwisha kukunjwa. "Na ningekwambia, dada, ungeniamini?"

Mkaguzi aliligeukia lile kufuli linaloning'inia. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Miezi yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akijiona amebeba nyumba peke yake, kumbe wawili hawa walikuwa wamembeba yeye.

"Usiende," alisema.

Nje mjomba akakohoa kikohozi cha mtu anayetaka kuwahi njia.

"Nibaki?"

"Baki. Nitamwambia mjomba. Yule mtunzaji nitamwambia asije."

Mdogo wake akaweka ile nguo chini. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alimtazama dada yake usoni, na uso wake ulikuwa na tumaini lililo wazi kabisa, la kitoto, mtu angeweza kulishika. "Utaniachia mama? Mimi mwenyewe? Bila kufuli, bila kupiga simu?"

Neno lilikuwa moja tu. Mkaguzi alilitaka kwa moyo wake wote. Akafungua mdomo alitoe, na kilichotoka ni hiki: "Ndiyo, lakini ukichelewesha dawa ya mchana, nitajuaje?"

Yeye mwenyewe alisikia alichokisema na akainua mkono kama anayetaka kukirudisha. Mdogo wake alitikisa kichwa, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililouma. Aliinama akambusu mama kwenye paji la uso, juu ya kovu, akamnong'oneza jambo, mama akamshika kidole kwa mkono wake mzima akakaa nacho, mwishowe akakiachia.

"Dawa ya jioni ni ile ya kopo la bluu, dada," alisema mlangoni. "Inampa kiu. Muwekee maji karibu."

Gari likaondoka. Mkaguzi alilisikiliza mpaka liliposhika barabara kubwa. Kisha akainuka, akaichomoa simu ya mama kwenye chaja, akaja kuiweka kitandani kando ya mkono wake mzima, ili siku nyingine ikilia mama asilazimike kuinuka.

Mama aliitazama. Kisha kwa mkono huo huo, taratibu, akaisukuma mpaka ikaanguka upande wa pili wa kitanda.